Pendekezo lililokataliwa (Wikipedia)

Pendekezo lililokataliwa ni andiko lililopelekwa mbele ya jumuiya ya Wikipedia ili liwe sera au mwongozo, likakosa maafikiano. Kila lugha ya Wikipedia ina taratibu zake. Makala hii inahusu hasa ile ya Kiingereza, iliyoanzishwa mwaka 2001.

Huko hakuna kamati inayopitisha sera za kawaida. Mwenye pendekezo huliweka katika ukurasa wa wazi, huwatangazia wenzake, na mjadala mara nyingi huchukua mwezi mmoja hivi. Kinachopimwa ni uzito wa hoja, si wingi wa vichwa tu. Mjadala ukiwa mkali, mhariri ambaye hakushiriki huombwa ausome wote na kuandika matokeo. Si lazima awe mkabidhi.

Pendekezo huhesabiwa limeshindwa inapoonekana kwamba maafikiano hayatapatikana hata watu wakiendelea kujadiliana. Kwa hiyo si lazima lipingwe na wengi. Kimya pia huliangusha, na hapo wageni wengi huchanganyikiwa, kwa sababu katika kuhariri makala za kawaida kimya huchukuliwa kuwa ni kukubali.

Mfano unaojulikana ni wa mwaka 2007. Wahariri kadhaa walikuwa wameunganisha sera mbili, ile ya kutaka habari ziweze kuthibitishwa na ile ya kukataza utafiti mpya, ziwe ukurasa mmoja. Ukurasa huo ulikwisha kupewa hadhi ya sera, ndipo Jimmy Wales, mwanzilishi mwenza, alipotaka jumuiya pana zaidi iulizwe. Mamia ya wahariri walitoa maoni. Waliounga mkono walizidi waliopinga, lakini tofauti haikutosha kuitwa maafikiano, na sera mbili za zamani zikaendelea kutumika. Walio wengi, kwa maneno mengine, walishindwa. Kazi ya miezi iliishia hapo.

Ukurasa wa pendekezo lililoshindwa kwa kawaida haufutwi. Huwekewa kigezo cha kuonyesha hali yake, na anayetaka kujaribu tena hushauriwa kuandika upya badala ya kukiondoa. Mengine hubaki kama insha, yaani maoni yasiyo na nguvu ya sera.

Yako pia mapendekezo yanayorudi kila mara, kama la kuruhusu matangazo ya biashara. La kuwazuia wasiojiandikisha wasihariri limekataliwa mara nyingi katika Wikipedia ya Kiingereza. Ile ya Kireno ililikubali mwaka 2020.