Mburo na Nakivale: wageni wa maji yale yale

Boti ikiondoka Rwonyo, katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo mashariki mwa Mbarara, darubini zote huelekezwa kwenye matawi yaliyoinamia maji. Anayetafutwa ni ndege mwenye mdomo mwekundu na miguu ya rangi ya chungwa, aogeleaye kimya kivulini. Wataalamu humwita Podica senegalensis. Wapo watalii waliozunguka nchi kadhaa za Afrika wasimwone, wakaja Mburo kwa ajili yake tu.

Nchi kavu wanamsaka zuwakulu mwenye uso mwekundu. Mjerumani Anton Reichenow ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1892. Duniani kote anaishi katika eneo dogo tu, pale Uganda, Rwanda na Tanzania zinapokaribiana.

Zamani, hapa Mburo hapakuwa na tiketi wala lango. Wahima walilisha ng'ombe wao wenye pembe ndefu hapo, na Nshara, humo humo, ilikuwa sehemu ya mawindo ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ikaligeuza eneo kuwa pori tengefu. Mwaka 1963 likawa pori la akiba. Mwaka 1983 serikali ya Rais Obote ikalitangaza kuwa hifadhi ya taifa na kuwaondoa wakazi.

Kidonda hicho hakikupona upesi. Obote alipopinduliwa mwaka 1985, waliofukuzwa walirudi na hasira zao: majengo ya hifadhi yakabomolewa, wanyama wakauawa. Mwaka 1987 serikali mpya ilikata zaidi ya nusu ya hifadhi na kuwarudishia wananchi. Leo imebaki na kilomita za mraba 370 hivi.

Somo likaeleweka. Katika miaka ya 1990 Mburo ilikuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza Uganda kukaa kitako na majirani zake, na sheria ya mwaka 1996 ikaagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka.

Lakini majirani wa maji haya si Wanyankole peke yao. Kusini, katika wilaya ya Isingiro, kuna Ziwa Nakivale, na kando yake makazi ya wakimbizi yenye jina hilo hilo, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Wanyarwanda ndio waliotangulia. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia. Katika soko la Base Camp, ndani ya makazi hayo, Kiswahili cha Kivu husikika kama vile mtu yuko Bukavu.

Mwaka 2006 maziwa ya Mburo na Nakivale yaliandikishwa pamoja katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, kwa jina moja: Mburo-Nakivali. Mafunjo yake ni makazi ya domokiatu na ya ndege wengine walio hatarini.

Ziara nyingi za ndege bado huishia upande wa Mburo. Ni hasara, kwa kuwa vijana wa Nakivale wanaozungumza Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda wangefaa sana kuwaongoza wageni, wakipewa mafunzo na darubini. Hata maji ni yale yale: Mto Rwizi, unaowanywesha watu wa Mbarara, huteremka hadi kwenye maziwa haya. Alfajiri, wavuvi wa Nakivale wanaposukuma mitumbwi majini, furukombe huwa ameshatua juu ya mti, akilia.