Praima ya Askari wa Kuchezea

Mtu anayetaka kupaka rangi kinyago cha askari chenye kimo cha sentimita tatu huanza kwa kujiuliza kama anunue praima, yaani rangi ya awali inayosaidia rangi nyingine kushika, iliyo nyeupe, nyeusi au ya kijivu. Historia ya vinyago hivi inaonyesha kwamba kwanza angeuliza kinyago chenyewe kimetengenezwa kwa kitu gani. Malighafi ilipobadilika, mara nyingine rangi nayo iligoma kushika.

Katika karne ya 18, mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walimimina askari bapa wa bati. Kisha mwaka 1893, William Britain wa London akaja na mbinu iliyowapiku Wajerumani sokoni. Alimimina risasi iliyoyeyushwa kwenye kalibu, akasubiri kidogo ile iliyogusa kuta igande, halafu akaipindua kalibu ili risasi ya katikati, ambayo bado ilikuwa uji, imwagike. Akabaki na askari mwenye uwazi ndani, mwepesi na wa bei nafuu. Rangi ilipakwa kwa mkono, tena kwa sehemu kubwa na wanawake. Ilikuwa rangi ya mafuta, nzito na ya kung'aa, na iliishika risasi vizuri.

Shida ya risasi ilikuwa kwingine. Askari aliyefungiwa kwa muda mrefu kwenye kabati la mwaloni hushambuliwa na mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao hizo, na risasi iliyo wazi hugeuka unga mweupe. Mara nyingi madhara huanzia chini ya nyayo, mahali ambapo brashi haikufika.

Kwenye plastiki ndipo mambo yaliharibika kabisa. Mwaka 1959 kampuni ya Airfix ilianza kuuza askari wadogo wa plastiki laini, polithini, na kufikia 1966 Britains, kampuni ya kina Britain, ilikuwa imeachana na risasi. Watoto walifurahi, wapakaji wakalia. Polithini haishikani na karibu chochote, na bunduki ya askari ikipindwa kidogo tu, rangi hubanduka vipande vipande. Wapenzi wa kazi hii walijitafutia dawa wenyewe: waliwaosha askari kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha wakawapaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Gundi ile ilinyumbulika pamoja na plastiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa praima yao, na ilistahili heshima kuliko iliyopewa.

Kampuni ya Citadel, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1979, iliuza vinyago vya chuma vya kuchezea michezo ya vita mezani. Katika miaka ya 1980 rangi za akriliki, zinazochanganywa na maji, zikachukua nafasi ya zile za mafuta. Zilikauka upesi na hazikunuka, lakini kwenye chuma kitupu hazikudumu: kinyago kinachoshikwashikwa mchezo mzima hukwanguka kwenye ncha ya upanga na utosi wa kofia. Tangu hapo praima ikawa lazima.

Mabishano ya rangi ya praima yalikuja baadaye. Nyeupe hung'arisha nyekundu na njano. Nyeusi huficha pembe ambazo brashi imezikosa. Wengine hupuliza nyeusi kote, kisha nyeupe kutoka juu tu, ili waone mwanga utaangukia wapi. Kwa anayeanza, kijivu ndiyo bora, maana haifichi mikunjo ya nguo. Wengi huinunua kwenye maduka ya vipuri, kopo lilelile la kupulizia magari, na huisubiri siku isiyo na unyevunyevu, la sivyo praima hukauka ikiwa na chengachenga.