Nati, Bolti na Dola: Somo kutoka Kilosa, Mikumi na Kidatu

Historia ya reli nchini mwetu imezoea kuandikwa kwa majina ya magavana, marais na wakopeshaji. Katika makala haya napendekeza tuisome kwa kifaa kidogo zaidi, yaani bolti na nati yake. Naamini kifaa hiki hueleza jambo ambalo hotuba hazilielezi: nani aliamua vipimo, na nani anaendelea kulipa gharama ya uamuzi huo.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, kila karakana ya Uingereza ilichonga meno ya bolti kwa kipimo chake. Nati ya fundi mmoja haikuingia katika bolti ya mwingine. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja, baada ya kukusanya bolti za karakana nyingi na kutafuta wastani: meno yenye pembe ya nyuzi 55, na idadi maalumu ya meno kwa kila inchi. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani alipendekeza pembe ya nyuzi 60. Mwaka 1898 mkutano wa Zurich ulikubaliana juu ya meno ya milimita. Mataifa hayo yalipokuja kwetu, yalikuja na vipimo vyao.

Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, wakapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914. Upana wa njia ulikuwa milimita 1,000, lakini viwanda vingi vya Ujerumani wakati huo vilikuwa bado vinatumia meno ya Whitworth. Waingereza wakairithi njia hiyo, wakaendelea na inchi zao. Tawi la Kilosa kupitia Mikumi lilifika Kidatu mwaka 1965. Mwaka huohuo Uingereza yenyewe ilianza kuvishauri viwanda vyake viachane na Whitworth. Mtawala alikuwa anahama nyumba ambayo mtawaliwa ndiyo kwanza amekabidhiwa funguo zake.

Kisha ikaja TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Wajenzi walitoka China, nchi iliyokwisha kushika mfumo wa mita. Lakini njia ilipewa upana wa milimita 1,067, yaani futi tatu na inchi sita, ili ilingane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Reli hizo mbili hukutana Kidatu bila kuungana. Tofauti ni milimita 67 tu, na kwa sababu yake ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo, kilichofunguliwa mwaka 1998. Sasa Kilosa inapitiwa na reli ya tatu, SGR, yenye upana wa milimita 1,435.

Mtumishi wa umma anaweza kuuliza: haya yananihusu nini? Yanamhusu kila anapotia saini hati ya manunuzi. Bolti ya M10 na ile ya inchi 3/8 hufanana machoni. Ya kwanza ina hatua ya milimita 1.5 kati ya jino na jino. Ya pili, yenye meno 16 kwa inchi, ina hatua ya milimita 1.59. Nati ya M10 yaweza kuingia kwa ulegevu katika bolti ya inchi 3/8, ikaonekana imeshika, kumbe imeshikilia ncha za meno tu. Mtikisiko ukianza, meno hukatika.

Ukubwa pekee hautoshi. Soma pia namba iliyo juu ya kichwa cha bolti. Kwa bolti ya 8.8, namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa nguvu ya mvuto inayoikata: megapaskali 800. Namba ya pili husema kwamba bolti itaanza kunyooka bila kurudi ikifikia asilimia 80 ya nguvu hiyo, yaani 640. Bolti ya 4.6 huanza kunyooka kwenye 240. Anayeweka ya 4.6 mahali pa 8.8 kwa sababu ni ya bei nafuu amenunua chini ya nusu ya uimara, ingawa risiti itasema "bolti" vilevile. Nati nayo lazima iwe ya daraja linalolingana.

Kwa hiyo hati ya zabuni isiyotaja aina ya meno, hatua, daraja na kinga dhidi ya kutu ni mlango wazi kwa mzabuni mjanja. Shirika la Viwango Tanzania tunalo tangu miaka ya 1970. Sheria ya kupima si ngeni. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu ofisini wa kuuliza swali dogo kabla ya malipo.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina neno moja. Tumejadili sana mikopo ya SGR, na ni haki yetu. Tuulize pia nani atachonga bolti zake miaka 30 ijayo, kwa viwango gani, na katika karakana ipi ya nchini. Taifa linaloagiza hata nati kutoka ng'ambo halijamaliza kujenga reli yake.