Elimu Huria Haikuletwa na Bando

Vijana wa teknolojia jijini Arusha hupenda kusema kwamba elimu huria ilianza 2012, Coursera na edX zilipoanza kugawa masomo ya vyuo vikuu bure mtandaoni. Dai hilo halina miguu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipata sheria yake 1992, na hata hicho kilikuta njia imeshafyekwa.

Enzi za misheni naziruka. Shule za Walutheri huko Nkoaranga zina waandishi wake. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya 1967, msomaji anayajua. Kinachosahaulika ni kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, na taarifa kuihusu ambayo Budd Hall, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, aliichapisha 1978. Sijui kwa nini haisomwi.

Kampeni ilidumu wiki 12. Redio ilirusha kipindi, kikundi kikasikiliza pamoja, kiongozi akasoma sura ya kitabu kwa sauti, watu wakabishana kuhusu malaria, kichocho na kuhara damu. Kisha wakashika majembe: choo kikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba. Walioshiriki walikaribia milioni 2, wakiongozwa na watu wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Redio zilikuwa chache vijijini, hivyo mzigo mkubwa ulibebwa na kitabu na yule kiongozi. Na lugha ilikuwa Kiswahili.

Wapo wanaodai yote yale yalikuwa amri ya chama tawala. Ni kweli, balozi wa nyumba kumi hakuwa mtu wa kumkwepa. Lakini amri humleta mtu kikaoni tu. Haimfundishi, na tathmini ya kampeni ilionyesha kwamba watu walijifunza.

Sasa tazama kozi za bure. Watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichunguza kozi za MIT na Harvard kwenye edX, wakachapisha matokeo 2019: kati ya walioandikishwa mwaka wa masomo 2017/18, waliomaliza walikuwa kama asilimia 3. Wengi wa wanafunzi walitoka nchi tajiri. Somo ni bure, cheti kinauzwa, na bando analipa mwanafunzi.

Sizidharau kozi zenyewe; mwalimu wa fizikia wa Usa River hajawahi kuwa na maktaba pana namna hii. Ila akikwama usiku kwenye somo la Kiingereza hana wa kumuuliza. Taasisi ya Nelson Mandela iko hapo Tengeru, lakini inahudumia shahada za juu. Chuo Kikuu Huria kina kituo Arusha, na wanafunzi wake wamezoea kusoma kwa mbali na kukutana ana kwa ana. Kituo hicho kingeweza kufungua chumba jioni mbili kwa juma, wanaosoma kozi moja wakae pamoja, na mmoja wao afunzwe kuongoza.