Dola 6,500 Zilizofichwa kwa Miaka 49

Julai 11, 1965, gazeti la New York Herald Tribune liliandika kwa kirefu kuhusu tafiti mpya zilizohusisha sukari na maradhi ya moyo. Siku mbili baadaye, Taasisi ya Utafiti wa Sukari, chombo cha wenye viwanda vya sukari Marekani, iliidhinisha mradi namba 226: wasomi wa Chuo Kikuu cha Harvard walipwe wazipitie upya tafiti za aina hiyo.

Msimamizi wa mradi alikuwa John Hickson, mkurugenzi wa utafiti wa taasisi hiyo. Walioandika ni Robert McGandy, Mark Hegsted na mkuu wao, Fredrick Stare. Malipo yalikuwa dola 6,500, karibu dola 50,000 kwa thamani ya 2016. Hickson hakuishia kwenye fedha. Aliwaeleza mapema alichokitaka, akawapelekea makala za kuzipitia, akasoma rasimu, kisha akawajibu kwamba hayo ndiyo hasa waliyoyatarajia.

Makala ilitoka mwaka 1967, kwa sehemu mbili, katika jarida la New England Journal of Medicine. Ushahidi dhidi ya sukari ulichambuliwa kwa ukali. Ule uliolaumu mafuta na kolesteroli ukapita kwa urahisi. Kinachoniuma zaidi ni hiki: wafadhili wengine walitajwa, wenye sukari hawakutajwa.

Ni kweli kwamba wakati huo hakuna kanuni iliyovunjwa. Jarida hilohilo lilianza kuwadai waandishi watamke maslahi yao mwaka 1984, chini ya mhariri wake, Dk. Arnold Relman, aliyetiwa wasiwasi na jinsi biashara ilivyokuwa ikiingia katika tiba. Mwaka 2009, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ikatoa fomu moja ya kutamka maslahi, itumike na majarida yake yote.

Barua za Hickson zilikaa kwenye maktaba hadi Cristin Kearns, daktari wa meno, alipozichimbua. Yeye na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha habari hiyo Septemba 2016. Miaka miwili baadaye wapo wanahistoria waliopinga, wakisema ufadhili wa viwanda ulikuwa jambo la kawaida enzi hizo, na kwamba wanasayansi wengi waliyashuku mafuta kuliko sukari bila kulipwa na mtu.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haimsaidii msomaji. Hata kama watatu wale waliamini kila neno waliloliandika, daktari aliyeifungua makala ile mwaka 1967 alistahili kujua nani aliilipia, ili aipime mwenyewe. Alinyimwa haki hiyo. Hegsted baadaye alikwenda kuongoza masuala ya lishe katika Wizara ya Kilimo ya Marekani. Barua zilipoanikwa, yeye, wenzake na maofisa wa sukari walioshirikiana nao walikuwa wameshafariki.