Goma: Injini moja ikizimika, urefu wa kiwanja ndio uhai

Jumapili tarehe 24 Novemba 2019 asubuhi, ndege ndogo ya injini mbili aina ya Dornier 228, ya kampuni Busy Bee, iliruka kutoka kiwanja cha Goma kuelekea Beni. Haikufika mbali. Ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo, karibu na kiwanja. Watu zaidi ya 20 walikufa, wakiwemo wakaaji waliokuwa chini.

Wengi hudhani kwamba ndege ya injini mbili ikipoteza moja hubaki na nusu ya uwezo wake. Sivyo. Sehemu kubwa ya nguvu hutumika kuishikilia ndege hewani, na ziada ndiyo huipandisha. Injini moja ikizimika, karibu ziada yote hupotea. Tena ile nzima huvuta upande wake, na pua ya ndege hugeukia upande wa iliyokufa.

Kama ndege bado iko chini na barabara inatosha, rubani hupunguza nguvu na kusimama. Ikiwa imeshapaa, hukanyaga pedali ya upande wa injini nzima ili ndege inyooke, na hulinda mwendo kuliko kitu kingine. Kisha huyageuza mapanga ya injini iliyokufa yaukate upepo kwa ubavu, yasiwe breki. Akivuta pua juu ili kukwepa nyumba, mwendo hushuka na ndege inaweza kupinduka.

Goma hufanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Kiwanja kiko karibu mita 1,550 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa nguvu. Kaskazini, upande wa Munigi, kuna mlima Nyiragongo. Kusini kuna mji, halafu ziwa Kivu.

Mnamo Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya barabara ya kurukia. Mita zilizopotea ndizo ambazo rubani angezitumia kusimama. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege kubwa zaidi, DC-9 ya Hewa Bora, ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa barabara na kuingia Birere. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kufadhili mradi wa usalama wa kiwanja hicho.

Mei 2021 lava ilishuka tena hadi Buhene, karibu na kiwanja. Familia zilizokimbia lava, na baadaye zile zilizokimbia vita, hutafuta ardhi popote penye nafasi. Lakini uwanja mtupu kwenye ncha za barabara ya ndege si ardhi iliyosahaulika. Ni nafasi ya mwisho ya rubani aliyebaki na injini moja, na ni kinga ya mtoto anayelala jirani. Wanaogawa viwanja vya kujenga na wanaowapangia wahamishwa mahali pa kukaa wana deni la kuilinda.