Kutoka Kengeleni hadi Rabai

Ukishavuka Daraja la Nyali ukitoka kisiwani Mombasa, hukawii kufika Kengeleni. Makondakta wa matatu hulinadi jina hilo kutwa. Pembeni mwa barabara, katikati ya honi na vumbi, kengele yenyewe ingali imetundikwa mnarani.

Ilikuwa ya kijiji cha Freretown. Mwaka 1873 Bartle Frere alitumwa na Uingereza kwenda Unguja kumshinikiza Sultani Barghash, na soko la watumwa likafungwa. Lakini mateka waliookolewa na manowari za Uingereza wangeishi wapi? Wengi walikuwa wamechukuliwa makwao wakiwa watoto, njia ya kurudi hawaijui. William Salter Price wa misheni ya Church Missionary Society (CMS) alifika mwishoni mwa 1874, akanunua ardhi huku Kisauni, na mwaka uliofuata kijiji kikaanza. Wenyeji husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwatahadharisha watu wateka-watumwa walipokaribia. Mwana wa kijiji hicho, James Juma Mbotela, aliyaandika maisha ya wazee wake katika Uhuru wa Watumwa.

Kijiji kilipewa jina la Frere. Kwangu mimi, William Jones alistahili heshima hiyo zaidi. Naye alikuwa mateka. Aliokolewa, akalelewa India pamoja na Waafrika wenzake, akatumwa Rabai mwaka 1864 akiwa na Ishmael Semler. Hiyo ni miaka kumi kabla ya Price kununua ardhi! Ndiyo maana kuifuata historia ya Freretown kunanipeleka bara, kupitia Mazeras, hadi Rabai, ambako nyumba ya mmisionari Krapf bado ipo.

Huko watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuja kujificha, na Jones akawapokea, ingawa misheni ilikuwa na hofu ya kugombana na mabwana zao. Mabwana walidai watu wao warudishwe. Mambo yalifika pabaya mwaka 1888, hata George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza akaona afadhali kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Fidia ilikwenda kwa mabwana. Aliyelimishwa miaka yote hiyo bila ujira alipata karatasi tu. Hata hivyo, kwa karatasi hiyo hakuna aliyeweza tena kuja Rabai kumdai mkewe wala mtoto wake.